Pembe Zangu Mbili Ziliuzwa Birere: Mafunzo Niliyopata Kuhusu Alama ya Biashara

Mushaki huko Masisi, nilikozaliwa, ng'ombe wa watu wengi hula kwenye mlima mmoja. Marehemu baba alichunga pamoja na majirani wanne, na kila ndama alipotimiza miezi michache alikatwa alama sikioni. Alama yetu ilikuwa mkato mmoja katika sikio la kushoto, karibu na ncha. Mara nyingi mimi ndiye niliyeshika miguu ya ndama wakati baba anakata. Nikakua, nikawa fundi wa vyuma, nikatengeneza bawaba na makomeo kwa zaidi ya miaka kumi bila kulikumbuka lile sikio.

Ninaandika kwa ajili yako, mdogo wangu mwenye karakana au kenkayeri, yaani duka la vyuma, huko Sake, Goma, Bukavu au Bunia, ambaye wateja wameanza kuulizia bidhaa zako kwa jina. Hapo ulipofika ndipo nilipokosea mimi.

1. Chapa iliyo kwenye chuma bado haijafika kwenye sheria

Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma. Watu walijenga upya juu ya yale mawe meusi, wengi wao kwa mbao, na nyumba ya mbao inakula misumari na bawaba kama moto unavyokula nyasi kavu. Mlango mmoja unataka bawaba tatu, dirisha mbili. Nilikuwa nakata mabapa kutoka mapipa ya mafuta, nakunja kingo zake kuzunguka pini, napiga nyundo mpaka zicheze bila kulegea. Mwisho niligonga chapa: pembe mbili za ng'ombe wa kwetu. Chuma cha kugongea nilikichonga mwenyewe kwa tupa, na mkono ukateleza, pembe ya kulia ikatoka fupi kuliko ya kushoto. Sikuirekebisha. Baada ya miaka michache mafundi seremala hawakusema tena "nipe bawaba", walisema "nipe za pembe".

Mwaka 2014 kijana wangu wa karakana aliniletea boksi la karatasi alilolinunua Birere hapo Goma, upande wa mpakani. Ndani mlikuwa na bawaba mpya, zinang'aa kuliko zangu. Zilikuwa na pembe mbili, ya kulia fupi. Hata kosa la mkono wangu walikuwa wameliiga. Nikaishika moja, nikalikunja bapa lake kwa vidole, bila koleo wala jiwe, likakubali. Nakumbuka nilikaa chini kwenye kigoda nikiwa bado nimeishika. Nilimfikiria mtu aliyenunua hizo kwa kuwa anaiamini pembe, ambaye mlango wake ungening'inia kabla ya masika kwisha, na yeye angesema mimi ndiye niliyemwibia.

Nilichukua cheti changu cha RCCM, patente zangu za miaka yote na bawaba moja ya kila aina, nikaenda kwa mwanasheria kijana. Alizipanga karatasi zangu mezani kwa heshima, akazisoma zote. Kisha akauliza: "Papa, hizi ni karatasi za duka. Karatasi ya alama iko wapi?"

Sikujua kama kuna karatasi ya alama. Cheti cha RCCM kinasema wewe ni mfanyabiashara, unaitwa nani, uko wapi. Patente inaonyesha umelipa ushuru wako. Alama ya biashara, ambayo sisi huku tunaiita marke, ina daftari lake mwenyewe chini ya sheria ya mali ya viwanda ya tarehe 7 Januari 1982, na daftari hilo liko Kinshasa, Wizara ya Viwanda. Haki ya alama inatokana na kuisajili. Yule aliyeingiza maboksi alikuwa ameshapeleka zile pembe huko, fupi na ndefu, kwa jina lake. Ningeweza kufungua kesi, lakini ningekuwa nawaomba mahakimu waamini nyundo na mapipa yangu dhidi ya mtu mwenye cheti mkononi. Niliziacha pembe zangu. Mpaka leo nikiziona kwenye mlango wa mtu, moyo unauma.

Kwa hiyo peleka alama yako mapema, ungali mdogo. Mimi nilisubiri nijulikane kwanza, na kujulikana kwenyewe ndiko kulikoniletea yule mtu.

2. Jina zuri ni lile lisilosema lolote kuhusu chuma

Nilipoanza upya nilitaka makufuli na bawaba zangu ziitwe "Kufuli Ngumu". Mwanasheria akakataa. Neno linaloeleza bidhaa yenyewe au sifa yake ni la wauzaji wote, kila mwenye kufuli ana haki ya kusema kufuli yake ni ngumu. Nikasema basi ziitwe "Mushaki". Akaniuliza: na mwenye jibini la Mushaki, na mwenye viazi vya Mushaki, na fundi mwingine atakayefungua karakana palepale kijijini, utawakataza wasitaje kwao? Nikaona aibu, maana baba asingewakataza.

Aliyetoa jibu ni mama watoto. Alikuwa anasafisha kibuyu cha maziwa, akasema, weka hiki. Nilidhani anatania. Kibuyu na bawaba vinahusiana nini? Kumbe kutohusiana huko ndiko kunakotakiwa. Mteja akiona kibuyu juu ya chuma hawezi kufikiria kitu kingine isipokuwa fundi mmoja tu. Hili lilinishangaza kuliko mengine yote niliyojifunza, kwa sababu nilikuwa nimeshinda wiki nyingi nikitafuta neno la kusifia nguvu.

3. Orodha ya bidhaa ndiyo ukuta wa kiwanja chako

Kwenye fomu, mahali pa kuandika bidhaa, niliandika "vyuma vyote vya ujenzi". Nilihisi nimemaliza kazi kwa maneno machache. Mwanasheria akaniletea mpangilio wa kimataifa wa bidhaa na huduma, wenye madaraja 45: ya 1 hadi 34 ni ya bidhaa, 11 yaliyobaki ni ya huduma. Tukakaa jioni nzima na mfuko wa vitu kutoka dukani, tunatoa kimoja kimoja na kukipeleka kwenye daraja lake.

Bawaba ya chuma, msumari, skrubu, komeo, kufuli ya kawaida, mlango wa chuma, bati, waya wa uzio: daraja la 6. Nyundo na msumeno wa mkono, ambavyo nauza palepale kwenye meza moja na misumari, daraja la 8. Bomba la maji la chuma ni la 6, lakini bomba gumu la plastiki la ujenzi ni la 19 pamoja na saruji. Bilula ya kufungulia maji huenda 11. Kufuli ya umeme inahama kabisa, inakwenda 9. Bawaba ileile ikitengenezwa kwa plastiki inakwenda 20. Na ukitaka jina la duka lenyewe lilindwe, yaani kazi ya kuuza, hiyo ni 35.

Nilichukua la 6 na la 8, basi. Nilitamani kuongeza la 11 kwa sababu nilikuwa na ndoto ya kuuza mabilula. Mwanasheria akanikumbusha kwamba alama isiyotumika miaka mitatu mfululizo inaweza kufutwa, na kiwanja usichokilima kinaita wengine. Ila bidhaa ulizo nazo ziandike kwa majina yake, moja moja, na kwa Kifaransa sahihi, maana fomu inasomwa kwa Kifaransa. Mimi katika orodha ya kwanza nilisahau waya wa uzio, na Masisi nzima inazungushia malisho waya.

4. Tarehe ndiyo mali

Hapa nilipoteza pesa. Kutoka Goma hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, wala hakuna barabara ya kutegemea. Mwaka 2015 mtu mmoja aliyejiita wakala aliniahidi kulipeleka faili langu yeye mwenyewe. Nilimtumia dola nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya kuezeka nyumba yangu. Akanitumia kwa simu picha ya risiti iliyoandikwa kwa mkono. Nikaifurahia, nikaionyesha kwa majirani. Mwaka mzima nilisubiri.

Mpwa wangu wa kike aliyekuwa anasoma Kinshasa alikwenda wizarani kwa miguu yake kuuliza. Hakukuwa na faili lolote lenye jina langu. Ile risiti haikuwa na namba, na mimi sikuwahi kuiuliza namba.

Kilichoniuma zaidi ya dola ni ule mwaka. Haki inahesabiwa tangu siku faili linapopokelewa, na ule muda wa miaka 10 wa cheti unaanzia hapohapo. Kama mtu mwingine angepeleka kibuyu mwaka huo, ningepoteza na kibuyu pia. Siku hizi nikimshauri mtu namwambia adai kwa wakala vitu vinne: hati ya kupokelewa yenye namba, tarehe, muhuri, na picha ya alama ikiwa imebandikwa pamoja na orodha ya bidhaa. Kisha amtume mtu wa damu yake akahakikishe. Mimi nilipeleka upya Septemba 2016, na mpwa wangu alisimama pale mpaka muhuri ukapigwa.

5. Cheti cha Kinshasa kinaishia mpakani

Mnunuzi kutoka Kisoro, Uganda, alikuwa akivuka mpaka wa Bunagana kuchukua bawaba zangu kwa magunia. Nilidhani kibuyu changu kinavuka naye. Hakivuki. Kongo haimo katika mashirika ya kikanda ya alama: haimo katika OAPI yenye makao Yaoundé, haimo katika ARIPO ya Harare, wala katika mfumo wa Madrid unaomwezesha mtu kuomba nchi nyingi kwa fomu moja. Tuliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini jumuiya haina daftari moja la alama. Kila nchi unaomba kivyake.

Uganda nilipeleka kwa msajili wa huko, URSB, Kampala. Usajili wa kwanza huko ni wa miaka 7, kisha unahuisha kila miaka 10, na Tanzania ni hivyohivyo kwa BRELA. Kenya ni 10 tangu mwanzo, kwa KIPI. Katika nchi hizo tatu ombi hutangazwa kwanza, na mwenye pingamizi hupewa siku 60. Ukifika Tanzania kumbuka kwamba BRELA ni ya Bara peke yake, Zanzibar ina daftari lake. Mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam ndiye aliyenitahadharisha hilo, nami namshukuru.

Kuna mlango ambao niliukosa. Kwa Mkataba wa Paris, ambamo Kongo na majirani hawa wote wamo, ukipeleka alama kwako una miezi 6 ya kuipeleka nchi nyingine ya mkataba na kuhesabiwa tarehe ileile ya kwanza. Mimi nilikwenda Kampala baada ya miezi tisa. Sikukuta mtu, namshukuru Mungu, lakini sikulindwa na chochote katika miezi hiyo. Na kama makufuli yako yanatengenezwa China, kama yalivyo yangu sasa, sajili na huko pia kabla hujatuma mchoro kiwandani, kwa maana China nayo humsikiliza aliyetangulia kuomba.

6. Karatasi pia hukimbia vita

Februari 2023 mapigano yalipofika Mushaki, niliondoka na wajukuu, godoro na redio. Sanduku la karatasi lilibaki chini ya kitanda. Cheti hakikupotea kabisa kwa sababu mpwa wangu alikuwa na nakala. Kilichopotea ni daftari la mauzo na fakture, yaani ankara, za miaka minne. Ndizo ushahidi kwamba kibuyu kinatumika, na barabara ya Masisi ikifungwa ndipo mtu anaweza kuja kusema hukiuzi tena. Sasa kila fakture naipiga picha na kuituma kwa watu wawili wanaoishi miji tofauti. Nabakiza na bawaba moja ya kila mwaka, imefungwa kwa waya na kikaratasi chenye tarehe.

Nahifadhi yote haya kwa kuwa alama inaweza kuishi kuliko mwenyewe. Linus Yale, Mmarekani aliyebuni kitasa cha pini tunachokitumia milangoni, alifariki mwaka 1868, mwaka uleule kampuni yenye jina lake ilipoanzishwa. Jina lingali kwenye vitasa. Alama ikihuishwa kwa wakati haina kifo cha lazima, na ndiyo maana napigania hiki kibuyu. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025, nilianza kuhangaikia kuhuisha mapema kuliko kawaida. Miaka yangu 10 inatimia Septemba 2026. Faili limepitia Kigali, limeshafika Kinshasa, lina namba na muhuri, na safari hii ombi liko kwa jina la mpwa wangu pamoja na langu.