Mwaloni Mweupe na Mwaloni Mwekundu

Mwaloni ni mti mgumu wa nchi za baridi hasa, na jina lake wasomaji wa Biblia hulijua. Aina zake hupita 400, lakini maseremala huzigawa mbao zake katika makundi mawili: mwaloni mweupe, utokao Ulaya na Marekani, na mwaloni mwekundu, utokao Marekani.

Fundi seremala mmoja wa mji wa pwani aliletewa meza ya mwaloni mweupe na viti vinne vya mwaloni mwekundu. Mwenye vyombo alitaka vyote viwe na rangi moja, kwa maana arusi ya binti yake ilikuwa karibu. Fundi akasafiri siku mbili. Mwanafunzi wake akaona kazi ni nyepesi. Akavisugua vyombo, akavipaka vyote rangi ya kopo moja. Asubuhi meza ilikuwa ya kahawia, na viti vyekundu kama udongo wa kichuguu.

Fundi aliporudi, mwanafunzi aliinama kwa haya, akasema, "Fundi, kopo lilikuwa moja, mbona rangi ni mbili?"

Fundi akajibu, "Mwanangu, umelitazama kopo, hukuutazama ubao."

Akatwaa kipande kifupi cha mwaloni mwekundu, akakitia ncha moja katika maji, akamwambia apulize ncha ya pili. Mapovu yakatoka majini. Akampa kipande cha mwaloni mweupe. Akapuliza sana, pasitoke kitu. Matundu ya mwekundu yako wazi kama mirija, bali ya mweupe yamezibwa na mti wenyewe. Ndiyo sababu mapipa ya divai hufanywa kwa mwaloni mweupe. Mwekundu hunywa rangi upesi, tena una wekundu wake wa asili.

Tena mwaloni mweupe una tanini nyingi zaidi, kitu kile kikali kilichomo katika maganda ya mkoko, ambacho watu hutengenezea ngozi. Tanini ikikutana na chuma na maji, ubao huwa mweusi. Kwa hiyo seremala mwangalifu hufunga mwaloni kwa parafujo za shaba.

Basi fundi akamfundisha kazi upya. Kwanza, vanishi ya zamani iondolewe yote, na mbao zote zisuguliwe kwa msasa wa namna moja. Pili, rangi ijaribiwe chini ya kiti na chini ya meza, ipakwe na vanishi yake, kisha itazamwe mchana ikiwa imekauka. Kwa kuwa vanishi hubadili rangi. Tatu, chombo cheupe kifuate kile cheusi zaidi. Kuongeza rangi ni rahisi, kuipunguza ni taabu. Wekundu ukizidi, rangi ya kahawia hutiwa kidogo rangi ya majani mabichi, nayo huupoza.

Nne, rangi na vanishi zipatane. Rangi iliyoyeyushwa kwa spiriti ikipakwa juu yake vanishi ya spiriti, huyeyuka tena na kuchuruzika. Rangi ya maji haiyeyuki hivyo. Nta ya nyuki huja mwisho, kwa kuwa vanishi haishiki juu ya nta. Tano, juu ya meza ni bora vanishi ya mafuta. Kikombe cha moto huacha alama nyeupe juu ya vanishi ya spiriti.

Jioni fundi aliona matambara yenye mafuta ya kitani yamerundikwa pembeni. Akayatandaza nje upesi, moja moja. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na matambara yaliyorundikwa huweza kuwaka yenyewe na kuteketeza nyumba.

Mwanafunzi alifanya kazi siku tatu, usiku na mchana. Meza na viti havikuwa sawa kabisa, bali vilifanana kama ndugu, na mwenye vyombo akafurahi. Mwenda pole hajikwai.

MASWALI

1. Kwa nini kopo moja lilitoa rangi mbili?
2. Mapovu yalionyesha nini?
3. Kwa nini nta hupakwa mwisho?
4. Matambara yenye mafuta ya kitani yawekwe namna gani?
5. Eleza maana ya maneno haya: "Umelitazama kopo, hukuutazama ubao."