Katika Kuipima Khabari ya Siasa Iletwayo kwa Simu

Walimu wa mantiki wana mlango walioupa jina la khataba, nao ni ilimu ya maneno ya kumkinaisha msikizaji. Aristotle wa Uyunani aliuandikia kitabu, na Al-Farabi, Ibn Sina na Ibn Rushd wote wakakitilia sharhi. Asema mtu huvutwa kwa mambo matatu: hoja iliyomo katika maneno, moyo wake unavyotiwa hofu au hasira, na sifa ya msemaji, yaani aonekane kuwa ana akili, ni mwema, na awatakia kheri wanaomsikiza. Hili la tatu alilihisabu kuwa karibu lina nguvu kupita yote.

Na ajue msomaji ya kuwa mlango wa udanganyifu katika mitandao ni huo wa tatu. Barazani msemaji huonekana, na watu wamjua yeye na baba yake, na madeni yake pia. Katika simu haonekani. Kionekanacho ni nguo aliyovaa. Huko Kenya, kabla ya uchaguzi wa tarehe 8 Agosti 2017, zilienezwa video mbili, moja ina alama ya BBC na moja ya CNN, zikitoa hisabu za kura ya maoni ya kuwa mgombea fulani yuko mbele. Mashirika yote mawili yakazikana. Dai lenyewe lilikuwa jepesi, lau angelilisema mtu asiyejulikana, angeliulizwa, "Nani kakuhisabia?" Kwa ile alama, watu wengi hawakuuliza.

Na iko nguo nyingine isiyoibiwa, bali huazimwa kwa ridhaa, nayo ni uso wa aliyetuma. Khabari huletwa na ami yake mtu, au imamu wa mtaa. Mpokeaji husema, "Huyu hasemi uwongo," na kweli hasemi. Lakini wanachuoni wa hadithi hawakutosheka na uadilifu wa mpokezi wa mwisho. Walitaka kila mmoja katika isnadi ajulikane, na ithibiti ya kuwa alipokea kwa aliyemtaja. Imamu Muslim ameifungua Sahihi yake kwa maneno marefu juu ya jambo hili. Basi anayeandika "nimetumiwa hivi hivi" amekiri mwenyewe ya kuwa isnadi yake imekatika. Ajabu ni kuwa watu huyasoma maneno hayo kama kwamba ni ushahidi!

Amma mlango wa moyo, wataalamu wa chuo cha MIT walitoa mwaka 2018 uchunguzi wa khabari kama 126,000 zilizopita katika Twitter tangu 2006 hatta 2017. Wakaona ya uwongo ina uwezekano wa kurudishwa kwa wengine uliozidi wa ile ya kweli kwa asilimia 70, na ya siasa ilishinda zote kwa kuenea. Tena wakaona waliozidisha mbio hizo ni watu, si mashine, kwani uwongo huja na jambo geni la kushangaza. Ndiyo sababu ya maneno kama "itume upesi kabla haijafutwa": haraka humnyima mtu nafasi ya kuuliza.

Lililo gumu zaidi ni picha ya kweli iliyotiwa maneno ya uwongo. Umati ni wa kweli, bendera ni za kweli, ila mkutano ni wa mwaka mwingine na mji mwingine. Hapo kuithibitisha picha hakuthibitishi dai. Ni mambo mawili, na kila moja lataka dalili yake.

WhatsApp huzitia mishale miwili khabari zilizopita mikono mingi, na tangu Aprili 2020 haziruhusu kutumwa ila kwa mtu mmoja au kundi moja kwa mara moja. Mwenye kuiona mishale hiyo na ajue ya kuwa ami yake siye aliyeiandika. Na akimuuliza kwa adabu, "Ami, umeipokea kwa nani?" mara nyingi jawabu huwa ni jina la kundi, si la mtu.