Dropsy na Safura: Majina ya Kale ya Uvimbe wa Maji

Msomaji wa vitabu vya Kiingereza vya karne zilizopita hukutana na neno dropsy, lenye maana ya uvimbe utokanao na maji kujikusanya mwilini. Huenda akadhani kwamba limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya tone. Sivyo. Chimbuko lake ni hydor, yaani maji kwa Kigiriki. Wagiriki wa kale waliuita uvimbe huo hydrops. Jina likaingia Kilatini, likapitia Kifaransa cha kale, na katika vinywa vya Waingereza silabi yake ya mwanzo ikadondoka.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inamtaja mtu mwenye dropsy. Biblia ya Kiswahili ya Union inamwita mwenye safura. Leo tukisikia safura huwaza minyoo inyonyayo damu matumboni. Ni kweli kwamba minyoo hiyo ikizidi hupunguza damu, na upungufu mkubwa wa damu huweza kuvimbisha mwili. Lakini si kila avimbaye ana minyoo.

Kwa karne nyingi uvimbe ulihesabiwa kuwa ugonjwa wenyewe. Mwaka 1785 William Withering, daktari wa Birmingham, alichapisha kitabu kuhusu kuutibu kwa mmea uitwao Digitalis purpurea. Baadhi ya wagonjwa walipata nafuu, wengine hawakupata. Mwaka 1827 Richard Bright, wa Guy's Hospital, London, alionyesha kwamba baadhi ya waliovimba walikuwa na protini katika mkojo na figo zilizoharibika. Ikadhihirika kwamba jina moja lilificha maradhi mengi: ya moyo, ya figo, ya ini, na hata utapiamlo. Ndiyo maana utabibu uliliacha neno hilo.

Basi, mhudumu wa afya, usiridhike na kuandika "miguu imevimba". Bonyeza muundi kwa kidole uone kama shimo linabaki. Uliza kuhusu pumzi. Pima shinikizo la damu, wingi wa damu, na protini katika mkojo.

Nawe mgonjwa, usimeze vidonge vya kukojoza alivyoandikiwa jirani. Ukishindwa kupumua unapolala, mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, au ukiwa mjamzito ukavimba uso na kuumwa kichwa, nenda kituoni mara moja. Uvimbe ni dalili. Ugonjwa wenyewe bado unapaswa kutafutwa.