Kabla ya Kununua Mbolea Hai ya Mpunga, Lijue Kwanza Jaruba Lako

Mkulima wa mpunga anaweza kuuziwa pakiti ya mbolea hai kwa ahadi kwamba hatahitaji tena urea. Ahadi hiyo imepita kiasi, na hasara yake huonekana wakati wa mavuno. Tunaeleza hapa mbolea hiyo hufanya nini, na kwa masharti gani.

Ndani ya pakiti mna sianobakteria, viumbe vidogo mno viitwavyo pia mwani wa bluu-kijani. Baadhi ya aina zake, kama Nostoc na Anabaena, huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa lishe. Vikifa na kuoza, mpunga huipata. Mwaka 1939 mtafiti P. K. De alionyesha kazi hiyo katika udongo wa mashamba ya mpunga ya India. Hali ikiwa njema, hukadiriwa kuongeza kilo 20 hadi 30 za naitrojeni kwa hekta kwa msimu. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23. Basi msaada wake ni takriban mfuko mmoja kwa hekta: hupunguza gharama, hauiondoi.

Masharti yenyewe ni haya:

Maji. Jaruba likikauka, kazi husimama hadi maji yarudi.

Joto na mwanga. Vingi hustawi katika nyuzi 30 hadi 35 za Selsiasi. Jua kali mno huvidhuru mpunga ukiwa mchanga. Majani yakifungana, kivuli huvinyima mwanga.

Udongo. Havipendi tindikali. Kipimo cha pH kikiwa chini ya 6, hudhoofika.

Fosforasi. Ikipungua, haviongezeki.

Urea. Ikimwagwa juu ya maji, viumbe hivi huacha kuchukua naitrojeni ya hewani. Ikifukiwa udongoni, athari hiyo hupungua.

Walaji. Konokono na wadudu wadogo wa majini huvila.

Kwa kawaida viumbe hivi vimo tayari jarubani. Visipostawi, mara nyingi kosa ni la mazingira, na pakiti haiponyi tindikali wala upungufu wa fosforasi. Tena, si kila utando wa kijani ni sianobakteria. Mwani wa kijani wenye nyuzi ndefu hauleti naitrojeni.

Kwa hiyo tunamshauri mnunuzi apime udongo kwanza. Akiamua kununua, ahakikishe kwamba bidhaa imesajiliwa, na kwamba pakiti inataja aina ya viumbe, tarehe ya kutengenezwa, mwisho wa matumizi na namna ya kuhifadhi. Kisha atunze risiti. Asipunguze urea shamba zima kwa mara moja. Ajaribu katika jaruba moja, aache jingine kama lilivyokuwa, kisha apime mavuno ya yote mawili. Tofauti ya mizani itamwambia kama fedha yake ilitumika vema.