Somo la Kitabu cha Wakfu

Ama baad. Ewe ndugu yangu, kabla hujauza vitabu vya marehemu babako, fungua ukurasa wa kwanza usome. Katika msikiti wa Riyadha, Lamu, viko vitabu vya hati ya mkono vilivyoandikwa jina la aliyeviweka wakfu. Maneno hayo machache ndiyo habari ya mtu: alikuwa na mali akaitoa kwa ajili ya Mungu, thawabu zimfuate kaburini. Na hukumu yake ni kama ya shamba la Sayyidna Umar la Khaibar: hakiuzwi, hakitolewi hiba, wala hakirithiwi. Basi ukiikuta alama hiyo, uwe pwani au huku Sigino, kipeleke alikokusudia mwenyewe, kisomwe. Ukikiuza, umekula kisicho chako. Wallahu aalam.