Somo la Vitendo: Kutambua Nyaya za Pawasaplai ya Kompyuta

Kusudi. Mwanafunzi aweze kutambua kila waya wa pawasaplai ambayo nyaya zake huchomolewa, na aeleze kwa nini nyaya hizo hazichanganywi.

Maandalizi. Pawasaplai ichomolewe ukutani. Kasha lake lisifunguliwe kamwe, kwani umeme hubaki ndani.

Hatua ya 1. Vikundi vihesabu pini za kila kichwa. Chenye pini 24 ni cha bodi kuu. Chembamba chenye pini 15 na umbo la herufi L ni cha diski.

Hatua ya 2. Vichwa viwili vina pini 8. Tusiwape wanafunzi jibu, wavigawanye wenyewe. Kinachogawanyika nne na nne ni cha prosesa. Sita na mbili ni cha kadi ya picha.

Hatua ya 3. Sasa wageuze ncha ya upande wa pawasaplai. Vichwa vya upande wa kompyuta hufuata kanuni moja. Upande huu kila mtengenezaji hujipangia. Waya wa pawasaplai nyingine waweza kuingia barabara, lakini ukapeleka volti 12 panapotakiwa volti 5. Diski huungua pamoja na kumbukumbu za shule.

Mwalimu atakayepangwa Kondoa au Mpwapwa huenda akawa mbali na fundi. Basi tuwazoeze wanafunzi kanuni hii: kuingia si kufaa.

Zoezi. Kila kikundi kifunge nyaya zake pamoja na kuziandikia jina la pawasaplai yake.