Somo la Mwezi Huu: Tuhesabu Pumzi za Mtoto

Ndugu wanakikundi, somo la mwezi huu lilikuwa liwe la kuku. Kuku watangoja. Kuna mama katika kikundi kimoja tunachokitembelea ambaye amemzika mtoto wake wa miezi 9. Jumatatu tulikuwa nyumbani kwake tukihesabu pesa za kikundi. Mtoto alikuwa mgongoni mwa dada yake, anakohoa. Mama akatuambia ni homa tu, ameshamnunulia dawa ya kikohozi dukani. Tukampa pole, tukaendelea na vitabu. Alhamisi alfajiri mtoto alifikishwa hospitali akiwa amechoka kabisa, na kabla ya saa sita mchana akafariki. Ilikuwa nimonia, ambayo wengine huiita kichomi.

Matangani akina mama walituuliza, "Sasa tungejuaje?" Nasi tulikuwepo Jumatatu ile, watu wa diploma, na hakuna aliyeinua nguo ya mtoto. Kwa hivyo somo hili tunajifundisha sisi wenyewe kwanza.

Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo vidogo vya hewa. Vijidudu vya nimonia vikiingia, vifuko hivyo hujaa majimaji na usaha, na hewa inakosa nafasi. Mtoto afanye nini? Anapumua mbio mbio ili apate hewa ya kumtosha. Kikohozi chaweza kuwa kidogo tu, lakini pumzi zinakwenda mbio. Hiyo ndiyo alama.

Alama hii haikuletwa na mashine kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, daktari wa watoto kutoka Australia, Frank Shann, alikuwa akifanya kazi Goroka, huko milimani Papua New Guinea. Eksrei haingeweza kumfikia kila mtoto wa kijijini. Basi yeye na wenzake wakawachunguza watoto wenye kikohozi, wakitafuta kitu ambacho mhudumu anaweza kukiona kwa macho yake. Mwaka 1984 waliandika kwamba mtoto anayekohoa na kupumua zaidi ya mara 50 kwa dakika, yaelekea mapafu yake yameshikwa. Wengine baadaye wakaona kwamba hesabu hubadilika na umri, na Shirika la Afya Duniani likaifundisha hivi: mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni mbio, wa miezi 2 mpaka kabla ya kutimiza mwaka, 50 au zaidi, wa mwaka 1 mpaka kabla ya miaka 5, 40 au zaidi.

Tuifanye sasa. Mtoto awe mapajani mwa mama, ametulia, halii wala hanyonyi. Inua nguo, tazama tumbo na kifua. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Mmoja ahesabu, mwingine ashike saa au simu na kusema "anza" na "simama". Iwe dakika nzima! Kwenye kikundi kimoja mama alihesabu nusu dakika akazidisha mara mbili, akapata 44. Mwenzake alihesabu dakika nzima, akapata 53, mtoto ni yule yule. Watoto hawapumui kwa mpigo mmoja kama saa ya ukutani. (Na wababa, msikae nje mkisema hii ni kazi ya akina mama. Saa nyingi ziko mikononi mwenu.)

Ukipata mbio, mpeleke mtoto zahanati siku hiyo hiyo. Hesabu haisemi lazima ni nimonia. Malaria na pumu pia zinaweza kuharakisha pumzi. Inasema tu kwamba si wa kukaa nyumbani. Lakini kama chini ya mbavu panabonyea ndani anapovuta hewa, au hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu, au amepata degedege, au amelegea haamki vizuri, hapo hata usihesabu. Nenda. Mtoto wa chini ya miezi 2 akiugua, usingoje chochote.

Wengine wanaogopa kwamba hospitali ni sindano na kulazwa tu. Utafiti uliofanywa katika hospitali za Kenya na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba hata watoto wengi ambao kifua kilikuwa kinabonyea walipona kwa amoksilini ya kunywa sawa na kwa sindano. Mwenye kuamua ni mhudumu, si muuza duka, wala si ile chupa iliyobaki ya mtoto wa jirani.

Chanjo tusiisahau. Kenya ilianza chanjo ya kijidudu kiitwacho Hib mwaka 2001, na ya nyumokoko mwaka 2011. Watafiti wa Kilifi waliofuatilia hiyo ya pili waliona magonjwa makali ya nyumokoko za aina zilizomo katika chanjo yamepungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka 5. Angalieni vitabu vya kliniki.

Kuhusu majiko yasiyo na moshi mwingi, tuseme ukweli. Tumeyahimiza sana, na moshi si mzuri kwa kifua cha mtu yeyote. Lakini Malawi walijaribu majiko kama hayo katika nyumba zenye watoto zaidi ya 10,000, na nimonia haikupungua. Tumieni jiko kwa ajili ya kuni na macho yenu, lakini lisiwafanye mwache kuhesabu.

Sasa jambo la kujadili. Yule mama aliona Jumanne usiku kwamba mtoto anapumua vibaya. Hakuwa na nauli ya bodaboda, mume yuko mbali, akasubiri. Sanduku la kikundi lilikuwa chini ya kitanda chake, lina shilingi 14,600 tulizozihesabu sisi wenyewe. Lina kufuli tatu, na katiba ya kikundi hairuhusu lifunguliwe kabla ya siku ya mkutano. Je, sanduku lenu linafunguliwa vipi usiku mtoto akiugua? Nani ana funguo, na anaishi umbali gani? Andikeni mlichokubaliana kwenye kitabu cha kumbukumbu. Tutakuja kukisoma tukipita.